Panya wa Labo na Bwana Yangu André

Lubumbashi, njia ya Luano, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kwa Bwana Docteur, Mukubwa wa Labo ya Bongo,

Heshima mingi kwanza. Miye ni Mama Agnès, bibi ya André, retraité wa reli, muzee mwenye kuacha kazi. Hénoc, mutoto wa dada yangu, anatumika kazi kwenu ku labo. Ni yeye alituletea mambo hii nyumbani, siku ya Mungu, kiisha misa. Ninalalamika hivi:

1. Tangu tulimuzika binti yetu Christiane, mwezi wa kumi, bwana yangu haongei. Tulisema itapita. Sasa Hénoc ametuonyesha foto ya panya mwenye kuvaa mikroskopi ku kichwa sawa kofia. Anasema chembe ya bongo ikiamuka, kalsiamu inaingia, inawaka, na munaona fasi gani ya bongo ku panya wa huzuni inanyamaza, haiwake. Panya anajulikana anaumwa wapi. Bwana yangu hapana! Ninaogopa nitamupoteza na yeye.

2. Juu ya ile kalsiamu nilinunua samaki kapenta, André akala na mifupa yake. Nilimuangalia kichwa siku tatu. Hakuna kitu kiliwaka.

3. Kumbe munaletea panya huzuni kwa kulowesha kitanda yake, kuinamisha nyumba yake na kumukatia mwangaza pasipo kumuambia. Juma sita. Bwana Docteur, ile ni avenue yetu, na siye tuko na miaka makumi tatu. Hata muntu moja hajakuya na kaye, na daftari, kutuandika.

4. Munawekea panya machupa mbili, maji na maji ya sukari. Mwenye huzuni anaacha sukari. Basi nikaweka vikombe mbili vya chai ku meza. Siku saba André anaonja, anasukuma ya sukari ngambo ya pili, anakunywa ile pasipo sukari. Yo, Mungu wangu! Mwanaume wa vijiko tano! Nililia.

Kwa hiyo ninaomba mumuvalishe ile mikroskopi. Iko na kipara, haumi, anajua kukaa kimya. Mukikataa, mutume panya wenu akae kwetu mpaka mvua iishe, tuone nani atachoka mbele.

Salimia bote ba labo, bibi yako, na panya pia, juu hawana kosa.

Ni miye mwenye kuwaheshimu na kukasirika,
Mama Agnès

N.B. André amesoma barua mbele niifunge. Ameongea. Anasema sukari angali anaipenda sawa zamani. Alikuwa ananisukumia miye, juu tangu maziko anaona siko nakula kitu. Ni kweli, siku saba ile chai ya sukari niliimwaga. Kwa hiyo mubadilishe jina ku ombi yangu, kichwa ya kupima ni yangu. Yeye atanisindikiza.