Spika Mpya na Gari la Bibi Harusi

Jumapili, 2 Juni

Nimefunga spika mpya kwenye milango yote minne. Mwenyewe! Fundi wa redio za magari alitaka nimwachie gari siku mbili. Siku mbili za nini? Nilibandua kava la kila mlango kwa mwiko wa jikoni, nikachomeka spika, nikarudisha kava. Vile vipini vya plastiki vinavyoshikilia kava vilikatika karibu vyote. Si kitu. Waliotengeneza gari waliweka vingi kwa woga tu.

Lengo ni Jumamosi. Binti wa dada yangu anaolewa, na dada hajaamua nani atamwendesha: mimi mjomba wake, au baba yake mdogo, Bwana Suti. (Jina nimempa mimi. Huyu huvaa suti hata akienda kununua sabuni.) Yeye ana gari jipya, jeupe. Mimi langu la zamani, lakini sasa lina muziki. Tutafika ukumbini na wimbo anaoupenda bibi harusi, milango yote ikiimba.

Jumatatu, 3 Juni

Milango inaimba kweli. Tatizo, haiimbi peke yake. Kila besi ikipiga, trrrr! Kama bati lililolegea kwenye upepo. Mke wangu alisikiliza kidogo akauliza kama si vile vipini nilivyovikata. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya sauti yana elimu yake. Akaniomba mwiko wake.

Jioni Bwana Suti alipita, akasimama, akauliza kama nimeanza biashara ya kusaga nafaka. Nikacheka. Kwa meno tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua chanzo. Uwazi! Mlango ni mtupu ndani, lazima upige kelele. Nimekatakata godoro la wageni na kuishindilia sponji yake milangoni mpaka basi. Matokeo: vioo havishuki tena, na trrrr iko palepale, ila sasa inasikika kama mtu anayelalamika chini ya blanketi. Ni maendeleo.

Mke wangu ameuliza shangazi yangu akija kwa ajili ya harusi atalala wapi. Sikuwa nimefikiria upande huo.

Jumatano, 5 Juni

Bibi harusi alinifuata kazini, stoo. Alisimama katikati ya maboksi akasema mama yake atakuja kesho kulijaribu gari langu, maana habari za kelele zimeshamfikia. Najua zimefikaje. Zimevaa suti.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, mimi nataka unipeleke wewe. Nikiwa na wewe siogopi."

Roho iliniuma, sifichi. Huyu nilikuwa nampeleka shule kwa baiskeli, begi lake shingoni mwangu. Leo nimwachie mtu mwingine kwa sababu ya trrrr? Haiwezekani! Nikatoka moja kwa moja hadi kwa fundi viatu, akanipa kopo la gundi. Alisema niipake nyembamba, la sivyo haitakauka. Nimepaka nene, kwa usalama. Kila kava, pembe zote.

Alhamisi, 6 Juni

Gundi haijakauka. Kelele haijapungua. Dada amefika!

Dada yangu ni mtu wa mwili, na akikaa hukaa. Alipanda mbele, akajiegemeza kwenye mlango. Nikafumba macho, nikawasha muziki upande wake tu. Kimya! Yaani wimbo upo, trrrr hakuna. Nikaongeza sauti. Safi kabisa. Nikamzungusha mitaa miwili huku nikitetemeka mimi badala ya mlango.

Aliposhuka alijifuta kiwiko, akashangaa kidogo kwa nini kinanata, kisha akasema, "Haya. Utampeleka wewe. Usiniaibishe."

Nimekaa garini nikitafakari. Nikauegemea mlango: kimya. Nikauachia: trrrr. Ugunduzi mkubwa! Mlango hauhitaji vipini. Unahitaji mtu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepanga waegemeaji. Mlango wangu, goti langu. Mbele, mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali kwa ajili ya mtoto. Nyuma kulia, dada. Nyuma kushoto alihitajika mtu mzito, na katika ukoo mzima mwenye uzito huo asiye na kazi nyingine kesho ni mmoja.

Nimemeza aibu nikaenda kwa Bwana Suti. Nikamwambia si vizuri upande wa mama peke yake ndio uonekane kwenye gari la bibi harusi. Machozi yakamlengalenga. Akasema wiki nzima alidhani tumemtenga. Nilijisikia vibaya sana. Halafu nikakumbuka besi, nikamweleza kwamba akiwa ndani aegemee mlango kwa nguvu, ndivyo unavyokaa msafara wa heshima. Akaitikia kwa unyenyekevu.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike haraka, mikono bado inanata.

Bibi harusi alikaa nyuma katikati. Tangu asubuhi hajala kwa woga. Nikawasha wimbo wake. Tukaegemea wote kwa pamoja. Jamani! Sauti tupu, tamu, hakuna trrrr hata moja. Joto lilikuwa la tanuri kwa sababu ya vioo, lakini hakuna aliyelalamika. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba mimi ni mtu mwenye akili.

Tukafika ukumbini. Watu wamejipanga, mpiga picha mbele. Bwana Suti akafungua mlango, akashuka. Kava likashuka naye. Lilikuwa limeganda kwenye koti, kutoka bega hadi kiunoni. Sponji ya godoro ikamfuata, kipande kwa kipande. Spika ikabaki inaning'inia kwenye waya, inaimba.

Dada akaniangalia. Nikatamani kuingia kwenye buti na kujifungia.

Ndipo bibi harusi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwegemea mama yake, mpaka dada naye akashindwa kujizuia. Akanishika mkono, akasema, "Mjomba, woga wote umekwisha." Akaingia ukumbini akitembea kama mwenye nyumba. Mimi nililia, nikasingizia gundi.

Bwana Suti alivua koti, na kava lake. Hatujawahi kumwona bila koti. Alicheza kuliko wote.

Jumapili, 9 Juni

Nimefikiri kwa kina. Kosa lilikuwa kitambaa cha suti. Kinashika gundi vibaya sana.

Mchana Bwana Suti alikuja na gari lake jeupe, amevaa fulana. Nilidhani amefuata koti. Kumbe amefuata muziki! Anasema kule nyuma kushoto sauti ilikuwa ya ajabu, anataka hivyohivyo kwenye gari lake. Mwezi ujao binti yake mwenyewe anaolewa. Nikamwambia asijisumbue na fundi, milango miwili tumeshaifungua.

Ataendesha yeye, mimi niegemee nyuma kushoto. Nimekubali kwa heshima zote. Nitavaa koti la mvua.