Fundi Bati na Hina ya Bi Mize

Wenzangu wa barazani, leo Fundi Vuai kaadhirika. Kaadhirika sikukuu mosi, mchana kweupe, Mnazi Mmoja, mbele ya nusu ya Unguja. Nnakuandikieni kwa sababu kahawa ya leo usiku siji, na mpaka mkae kitako mtakuwa mshasimuliwa na watu watano, kila mmoja na chumvi yake. Bora mpate kwangu, mimi Vuai. Chumvi ntatia mwenyewe.

Mnanijua. Skuli nilitoka darasa la pili, mwalimu alisema sina kichwa. Leo kandili ya mwalimu huyo nimeitengeneza mimi, na karai la mkewe, na mfereji wa paa lake. Sikufundishwa na baba wala ami. Bati nimelikunja peke yangu mpaka likanitii. Kwa hiyo kamati ya sikukuu ilipotangaza kwamba mwaka huu wanataka mafundi watengeneze vitu vya kuwekwa uwanjani, vizuri vya kutazama lakini watu wavishike na kuvichezea wenyewe, mkubwa kwa mdogo, bure, nilijua wananisema mimi, ila wameona haya kunitaja.

Shuruti zilikuwa mbili. Kila fundi atumie vitu vya kazi yake mwenyewe, asichanganye na vya dukani. Na kitakachopendwa siku ya kwanza ndicho kitakachokaa katikati ya uwanja siku zote zilizobaki. Vyengine vitasogezwa pembeni, kule kwa wauza matunda, wale wa mabungo.

Mie nilitaka katikati. Sikutaka kitu chengine duniani.

Nikaunda tausi. Ramadhani nzima, kwa madebe matupu ya mafuta ya taa, mpaka akanipita kimo. Ukivuta kamba kwa mikono miwili mkia unafunguka wote, manyoya arubaini ya bati, na kila moja nimelitia nakshi kwa ncha ya msumari. Nilipomjaribu uani, mke wangu Bi Zuhura alitoka jikoni akatazama.

"Mzuri," akasema. "Lakini mbona analia kama nyumba inabomoka?"

Nikamwambia wanawake hawajui ufundi. (Maneno haya leo nimeyafuta.)

Basi leo baada ya sala nikaingia uwanjani, tausi juu ya gari la ng'ombe, watu wananipisha njia. Nikatazama wenzangu wameleta nini. Mmoja pembea ya mbao, haya. Halafu nikaona jora zima la kitambaa cheupe cha marekani limetandazwa baina ya nguzo, na chini yake bakuli la udongo na ndoo ya maji. Basi, hakuna zaidi. Mwenyewe kakaa juu ya mkeka. Ni Bi Mize wa Kikwajuni, yule mpambaji anayewatia hina mabiharusi.

"Chombo chako kiko wapi, Bi Mize?" nikamuuliza.

"Chombo ni watu, Fundi."

Nikacheka sana. Ndicho kicheko changu cha mwisho kwa leo.

Mchezo wake ulikuwa hivi. Mtu anachovya kiganja kwenye bakuli la hina, anakibandika juu ya kitambaa, anasuuza pale pale kwenye ndoo ili isimkolee, anakwenda zake. Kiganja kinabaki. Watoto chini, wakubwa juu. Bi Mize anapita na kijiti chake, anaviunganisha viganja kwa mashina na majani, kitambaa kinachanua kama kanga moja ya mji mzima. Na kila aliyebandika haondoki. Anakaa anakitafuta chake.

"Changu kile, pembeni ya ua."

"Kile cha bibi, chenye kidole kilichopinda."

Saa nane gari za Bububu ziliposhusha watu, foleni ya Bi Mize ilifika barabarani.

Kwangu? Walikuja watoto wawili, wakavuta kamba. Tausi akafungua mkia. Mdogo akalia mpaka akapaliwa, na mama yake akanitazama kama nimempiga. Baada ya hapo alikuja mbuzi.

Nikavumilia. Nikajiambia watu wa mjini wanapenda mambo mepesi, watachoka, watarudi kwenye kazi ya kiume. Halafu nikaona kwenye foleni ile ile, na buibui jipya nililomshoneshea mimi, Bi Zuhura. Kachovya, kabandika, kacheka. Mkono unaonipikia mimi, yakhe, umebandikwa kwenye kitambaa cha Bi Mize. Na kwa tausi wangu hakucheka vile.

Hapo nikaanza kuitazama ile hina. Hina naijua, mama yangu alikuwa akitia. Ukibandika mara moja ikabanduka, inabaki rangi ya chungwa hafifu. Hii mbona nyekundu imeiva? Nikasema, huyu kachanganya rangi ya viatu. Kavunja shuruti. Nikipata kidogo nikampelekea Mwenyekiti wa kamati, Mzee Makame, kitambaa kinakwenda kwa wauza mabungo na tausi anaingia katikati. (Nilijiona nina akili sana. Naomba mlikumbuke hili mnaponihukumu.)

Bi Mize alipoinuka kwenda kuswali alasiri, nikapita pale kama mtu anayetafuta kiatu chake. Nikachota ukufi mzima kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto nikautia mfukoni kutoa karatasi ya njugu, niifunge.

"Asalaam aleikum, Fundi."

Mzee Makame mwenyewe. Kasimama mbele yangu, kanyoosha mkono, mkono wa Idi. Nikafumba ngumi nikaisukumiza ndani ya mfuko wa koti.

"Aleikum salaam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Idi mubaraka. Lete mkono."

"Nimeteguka, mzee. Tausi kanitegua."

"Lo, pole." Akaushika mkono wangu wa kushoto, haya akiona yeye kwa niaba yangu.

Ningeweza kuifungua ngumi mle mfukoni? Ningeweza. Lakini koti lile ni la kushonesha, jeupe, la leo. Nikafumba zaidi. Na nyuma ya Mzee Makame ikafuata kamati nzima, na nyuma ya kamati jirani zangu, na kila mmoja kanyoosha mkono, kila mmoja nampa wa kushoto na uongo ule ule. Mwengine alitaka kunikanda. Mwengine akasema huko Kiembe Samaki kuna mtu anavuta mifupa, leo leo twende. Nikakimbilia nyuma ya mti niitupe hina yangu kwa amani. Nyuma ya mti nikawakuta mashemeji zangu wanne wanakula urojo.

"Shemeji, Idi mubaraka." Mikono minne.

Hina inapata moto ndani ya ngumi, mnajua hilo? Mie sikujua. Nilipotoka kwa mashemeji, Mzee Makame akanishika bega, akanikalisha na mafundi wenzangu mstari wa mbele, akaanza kuhutubia. Alihutubia mpaka kivuli cha tausi kikatambaa kikanifikia miguuni. Ngumi yangu ikawa kavu kama tofali.

"Sasa," akasema mwisho, "kitambaa cha Bi Mize kimependwa, hilo halina mjadala. Lakini yule tausi nami nimempenda. Kamati imegawika. Tumwone mara moja tena, kisha tuamue."

Roho yangu ikarudi mahali pake. Kumbe bado.

"Fundi Vuai kateguka mkono," akaongeza. "Fundi wa pembea, hebu tuvutie wewe."

Na yule bwana akainuka, anakunja mikono ya kanzu. Avute yeye. Afungue mkia wangu yeye, watu wampigie makofi yeye, na kesho aseme tausi tulimtengeneza pamoja. Wallahi sikuwaza kitu chengine. Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikaidaka kamba kwa mikono yote miwili, nikavuta.

Tausi akafunguka. Jua la jioni likampiga, bati lote likawa dhahabu. Watu wakasema "aaa". Makofi, wenzangu. Makofi ya kweli. Mie nikageuka kuyapokea, nikanyanyua mikono juu, viganja kwao.

Makofi yakakatika.

Vipande vya hina vilikuwa vinadondoka juu ya koti langu jeupe. Na kiganja changu cha kulia, mpaka vidoleni, chekundu kimeiva, kiganja cha bwana harusi aliyetolewa ndani sasa hivi.

Bibi mmoja kizee akapiga kigelegele.

"Fundi kaoa."

"Ndiyo maana hawapi watu mkono."

"Kaoa wapi?"

"Si Kiembe Samaki? Nimesikia wakitaja Kiembe Samaki."

Wanawake wa upande ule wakaanza nyimbo ya kumtoa bwana harusi, na shemeji mmoja akaniondolea kofia akanifuta jasho. Halafu njia ikafunguka, akaja Bi Zuhura. Taratibu. Nimeishi naye miaka kumi na saba, hiyo taratibu naijua.

"Baba Subira," akaniita. "Nani kakutia hina?"

Ntakwambieni kweli, kwa sababu leo sina cha kuficha. Kwanza nilipima. Mke wa pili ni jambo la heshima, mtu hutaabika lakini jina linabaki. Wizi wa hina ya mwanamke ni kitu gani? Nusura niseme ndiyo, nimeoa. Nikamtazama machoni, nikaiacha fikra hiyo.

"Nimeiba," nikasema.

"Umeiba nini?"

"Hina. Ya Bi Mize. Nilidhani kachanganya rangi ya viatu, nikataka nimpeleke kwa kamati."

Bi Zuhura akavuta buibui lake.

"Afadhali ungeoa," akasema, akageuka akaenda zake.

Uwanja ule haujapata kucheka vile. Bi Mize peke yake hakucheka. Alikishika kiganja changu, akakigeuza kama anayenunua papai, akakinusa.

"Hina yangu tupu, nimeikanda kwa ndimu na chai ya jana, ndiyo maana hata kitambaani imeiva," akawaambia kamati. "Na hapa mkononi imefinywa vizuri, imepata joto. Bibi harusi anakaa usiku kucha hapati rangi hii. Fundi, ulikuwa na hasira?"

"Basi shuruti haikuvunjwa," akasema Mzee Makame. "Ushahidi kaleta Fundi Vuai mwenyewe."

Kitambaa kimewekwa katikati. Tausi nimemburura mwenyewe mpaka pembeni, na kabla sijafika barabarani nikitazama nyuma, muuza mabungo kashatundika vikapu vyake kwenye manyoya. Anasema yanafaa sana.

Nyumbani nimewekewa chakula na kuulizwa kama bi mdogo hajambo. Kiganja nimekisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu. (Ndimu imezidisha.) Wanasema itadumu mpaka mwezi uandame tena. Mpaka hapo mikono yenu ya Idi nimeipokea kwa barua hii.

Na msicheke. Mabirika yote ya mtaa wenu nimeyalehemu mimi, na nnajua kila moja litaanza kuvujia wapi.