Uzinduzi wa Mashine ya Kuosha Vyombo Jikoni kwa Mama Lubna, Jabe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Waziri, ambaye angekuwa nasi kama barabara isingefungwa, na ambaye ripoti yake ndiyo itakayoamua kama maneno “wa Muda” yataondolewa kwenye cheo changu. Mheshimiwa Mkuu wa Mtaa, ambaye nasikia yuko njiani tangu asubuhi. Wazee wetu wa msikiti. Bwana Talal, mfanyabiashara mashuhuri wa mtaa wa maduka wa Asiatique, aliyetuazima kitambaa hiki chekundu kinachofunika mashine. Fundi Mkuu wa Mradi, Bwana Shakuru. Mwenye jiko, Mama Lubna. Bibi harusi mtarajiwa, Lubna mwenyewe. Majirani mliomo humu jikoni, majirani mlioko uani kwa sababu jiko limejaa, na nyinyi mliopanda ukutani, ambao nawaomba mshuke kwa usalama wa taifa: mimi, Népomuscène, Mkurugenzi Msaidizi wa Muda wa Idara ya Usasa wa Majiko ya Familia, nawasalimu kwa niaba yangu binafsi. (Makofi machache. Wa ukutani hawashuki.)

Ndugu wananchi, nchi yetu ikiwa katika kipindi kigumu, ambacho sitakitaja kwa sababu kina idara yake, na milimani kukiwa na milio ambayo pia ina idara yake, sisi tumejiuliza swali zito kuliko yote: mama wa Bujumbura ataosha vyombo kwa mkono mpaka lini? Tukaunda komisyo, komisyo ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikafanya semina, semina ikala kuku, na kwa kauli moja tukaamua kwamba mashine ya kuosha vyombo ni haki ya kila jiko, tukianza na jiko dogo kuliko yote, ndilo hili. (Sauti kutoka uani: “Iko ndogo sababu mumejaa ninyi!” Kicheko.)

Najua wapo wenye ndimi ndefu wanaosema tumemwonea Mama Lubna. Wanasema tulikuja mwezi uliopita tukang’oa lavabo yake, yaani sinki la kuoshea vyombo, tukaziba robine yake ya maji, tukabeba na kabati ili tupate nafasi, na tangu siku hiyo mama wa watu anachota maji kwa jirani na kuoshea uani kwa beseni, wakati walima, karamu ya harusi ya binti yake, ni Jumapili hii. Ndugu zangu, hayo si mateso. Hayo kitaalamu yanaitwa faze preparatwari, yaani awamu ya maandalizi. (Mama Lubna: “Bwana Direkteri, mi sitaki faze. Nataka lavabo yangu. Jumapili wakwe wanatoka Uvira, nitapika wapi, nitaosha wapi? Munataka mutoto wangu achekwe?” Sauti: “Sema, mama!”)

Hoja nzuri sana, na imezingatiwa. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya akina mama waliohojiwa wanaufurahia mradi, na asilimia mbili iliyobaki ni Mama Lubna. (Kicheko kikubwa. Mama Lubna hacheki.) Tusisahau mazingira. Nchi jirani zimetuwekea embago, bidhaa haziingii. Petroli tunainusa tu kwenye chupa, chumvi tunaulizana kama habari za mgonjwa. Lakini mimi, kwa uhusiano wangu wa kimataifa, kwa koneksyo ambazo unyenyekevu wangu hauniruhusu kuzitaja zaidi ya mara moja, nimeipenyeza mashine hii mpaka mtaani hapa Jabe, na umbo lake la kisasa mnaliona wenyewe chini ya kitambaa. (Sauti: “Mbona iko mufupi?”) Ni modeli kompakti.

Na hatukukurupuka. Tulifanya hesabu ya kisayansi: watu wa nyumba hii mara sahani zao, mara milo yao, jumlisha sahani za wageni... (Mama Lubna: “Sahani gani? Sisi tunakula sinia moja.”) Wote? (“Wanaume sinia yao, wanawake sinia yao. Na walima ni sinia tu, hakuna sahani. Hamukuuliza?”) Komisyo iliona si vyema kusumbua wananchi kwa maswali. Hata hivyo sinia itaingia. Bwana Shakuru, si itaingia? (Fundi Mkuu anatazama viatu vyake.) Fundi anatafakari. (Mama Lubna anashusha ukutani sinia pana ya shaba. “Basi tujaribu. Funguweni.”)

Mama Lubna, taratibu! Kuna protokoli! Utepe haujakatwa! Mheshimiwa hajafika! Kitambaa ni cha Bwana Talal! (Mama Lubna anavuta kitambaa. Chini yake, juu ya katoni ya sabuni, imelazwa ubavu lavabo yake mwenyewe.)

Ndugu wananchi, tulieni. Macho hudanganya. Hii mnayoiona ni mashine ya kuosha vyombo ya kizazi kipya, isiyohitaji umeme, ambao hatuna, wala vipuri, ambavyo vimezuiwa mpakani, na sinia, kama nilivyoahidi, inaingia. (Mama Lubna anapitisha kidole kwenye ukingo: “Ni yangu. Ona huu ufa, Lubna, hapa ulidondosha muchi wa kinu ukiwa mudogo. Nililia nikizani wameiuza!” Anaikumbatia. Vigelegele, vya kwanza tangu hotuba ianze.)

Asanteni, asanteni, sikustahili. Jiko safi! (Kimya.) Familia safi! (Kimya.) Lavabo oyee! (“Oyeee!”)

Kwa kumalizia, maana amri ya kutotoka nje haimngojei mtu, nawashukuru wafadhili, ambao hatukuwahi kuwaomba. Kiwanda, ambacho hatukijui kiko nchi gani. Komisyo, ambayo ilikuwa mimi. Na Bwana Shakuru, ambaye ni shemeji yangu na kazi yake ni kushona magodoro, ila kung’oa anajua, na kurudisha atajifunza Mungu akipenda wiki ijayo. (Mama Lubna anasimama mlangoni, sinia mkononi: “Apana. Hatoki mutu hapa mpaka robine itoe maji. Na we Bwana Direkteri, vua koti.” Wa ukutani wanashuka, wote, kuja kuona vizuri.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nani ana spana?