Singa za Malkia

Jumanne, 3 Februari 1998. Diani.
Wageni wamekauka. Bi Concepta, meneja wa hoteli, amesema farasi wawili ni wengi kwa ufuo usio na wapandaji. Mmoja ataondoka pamoja na mwenyewe: Malkia wangu, au Bahati wa Mzee Mwero. Nimemweleza Malkia. Ameniwekea kidevu begani, akatafuna kola yangu. Ananiamini. Maskini!

Alhamisi, 5 Februari
Neema imeshuka! Amekuja Daktari Everline wa chuo kikuu, anatafuta vizazi vya farasi wa kale walioletwa pwani kutoka Uarabuni. Eti unang'oa singa za mkia pamoja na mizizi yake, maabara inapima chembe za urithi na kukwambia ukoo wa mama yake farasi ulitokea wapi. Bi Concepta akasema papo hapo: mwenye asili adimu ndiye atakayebaki, na picha yake itatundikwa mapokezi.
Nimewatazama wote wawili. Malkia amenona, anang'aa. Farasi wa kisasa kabisa. Bahati ni mfupi, mbavu nje, meno ya njano. Ukale mtupu! Tumekwisha.

Ijumaa, 6 Februari
Daktari aling'oa singa mwenyewe, akazitia katika bahasha mbili, kila moja na jina la farasi. Akaziacha mezani barazani, akaenda kula. Mwero alikuwa msikitini. Na farasi wote wawili ni wekundu! Nikazihamisha. Za Bahati katika bahasha ya Malkia, za Malkia katika bahasha ya Bahati. Nikazifunga kama zilivyokuwa.
Mwero aliporudi nilimwamkia shikamoo kwa heshima nyingi mno. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 10 Juni
Majibu! Bahasha ya Malkia: farasi wa kawaida. Bahasha ya Bahati: ukoo adimu, Daktari hajaona mwingine pwani nzima! Mwero aliketi mchangani, akasema alhamdulillahi, alhamdulillahi.
Nimefikiri mchana kutwa. Sababu ni moja tu: mashine zile hazidanganyiki. Nilibadilisha singa, nazo mashine zikaujua ukweli vilevile! Sayansi inatisha.

Alhamisi, 11 Juni
Nimemweleza Rispah wa jikoni, kwa siri. Akaacha kukuna nazi.
"Jared, bahasha ya Bahati ilikuwa na singa za nani?"
Za Malkia, nikamjibu.
"Basi farasi adimu ni nani?"
Bahati! Si imeandikwa?
Akanitazama, akarudi kwenye nazi yake. Mambo ya kitaalamu si ya kila mtu.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemfuata Mwero kwake Msambweni nikapendekeza tubadilishane farasi. Nilijiandaa kumbembeleza hata mwezi mzima.
"Mwanangu, unipe Malkia, uchukue Bahati? Una hakika?"
Nikamwambia ninayo. Akauliza tena, mbele ya mkewe. Akakiri kwamba Bahati humuuma, na kwamba siku zote moyo wake ulikuwa kwa Malkia. Hayo ya picha hana haja nayo. Tukapeana mikono. Mzee wa watu hajui alichopoteza!
Jioni alikuja kumchukua. Malkia aligoma langoni. Mwero akamnong'oneza kitu, naye akamfuata. Malkia akageuka mara moja kunitazama. Nikajifanya nakagua kwato za Bahati.

Jumamosi, 13 Juni
Bahati ameniuma mkono wa kulia. Naandika kwa wa kushoto.
Lakini habari ni njema! Jumatatu Daktari anarudi kuchukua damu ya farasi wote wawili, kuhakikisha. Bi Concepta anasubiri hayo tu, kisha asiye adimu afungashe virago. Namhurumia Mwero, kwa kweli.
Nimemwomba Daktari kwa simu ampime kila farasi mbele yangu, chupa azitie lakiri hapo hapo, na asiziache mezani hata kidogo. Amenisifu kwa uangalifu wangu. Nikamwambia, Daktari, ufuo huu una watu wajanja.