Ubavu wa Babu Eliona

Jumatano, 4 Agosti 1954

Nafasi ni moja tu! Sista Klementina ametutangazia leo baada ya sala. Alhamisi ya wiki ijayo Daktari wa hospitali atapanda mpaka shuleni kwetu, huku Kibosho mlimani, kuchagua msichana mmoja wa darasa la nane akasomee uuguzi. Atatuuliza somo moja: ukuta wa kifua. Mbavu, misuli iliyo katikati ya mbavu, na mishipa ya fahamu.

Tunaotaka ni wawili. Mimi na Ruth.

Baba alikwisha sema. Daktari akinikataa, mwakani nitashuka tambarare kila asubuhi na mundu na kamba, kukata majani ya ng'ombe. Nimeitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Ni mikono ya muuguzi. Mundu hauifai.

Somo lenyewe nimeliandika vizuri daftarini. Mbavu ni jozi kumi na mbili. Mishipa hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Lakini kuandika si kuona. Shule ina picha moja tu ya mwili wa mtu, nayo imefungiwa kabatini. Ufunguo anao nani? Ruth! Kwa kuwa ni kiranja. Anauvaa shingoni kama rozari.

Leo ameniambia kwamba nikitaka kuitazama picha nimwambie tu, atanifungulia. Kwa sauti tamu kabisa. Nimemjibu asante, sina shida. Mtego ulioje! Anataka ajue ninasoma nini.

Ijumaa, 6 Agosti

Wakati wa mapumziko ya mchana nimejaribu kuhesabu mbavu zangu mwenyewe chini ya blanketi. Haiwezekani. Najitekenya. Nikifika ya sita nacheka, nikicheka napoteza hesabu. Mara ya kwanza nimepata kumi na moja, mara ya pili tisa. Ruth, kitanda cha jirani, ameuliza kama nina minyoo tumboni.

Halafu wazo likaja. Kesho nina ruhusa ya kwenda nyumbani. Baba mdogo Filemon anachinja mbuzi kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe Jumapili. Mbuzi ana kifua! Ruth ana karatasi. Mimi nitakuwa na kifua chenyewe.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimeshika beseni la damu ya kisusio, ile supu yetu ya damu, ili nisimame karibu. Baba mdogo amesema hajapata kuniona na bidii namna hii, bila shaka shuleni wanatunyima chakula. Mbuzi jike, mnene. Wamemtundika kwa miguu ya nyuma kwenye mti wa mringaringa, wakamchuna, wakampasua. Nimeona kila kitu. Lakini haraka mno! Hapo ni panga, pale ni kisu, nyama imekwisha gawanywa.

Na hapo ndipo penye shida. Kwetu kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe. Ubavu wa kulia, yaani mbavu zote za upande huo, ni wa Babu Eliona, kaka mkubwa wa babu yangu, mkuu wa ukoo. Hauonjwi. Hausogezwi. Unamngoja.

Nimeuazima.

Sitaki neno jingine. Nimeufunga kwa jani la mgomba, nikauweka chini ya ndizi kikapuni, nikapanda mlima nikiwa karibu kukimbia. Kila mtu aliyenisalimu njiani nilimwona kama askari.  Sasa hivi uko ghalani hapa shuleni, kule wanakoweka kuni, nyuma ya jiko, juu kwenye boriti ambako moshi hupita. Nimeutundika vilevile kama mbuzi alivyotundikwa mtini, upande wa miguu ya nyuma juu, nisije nikavuruga mpangilio wa Mungu.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya Misa nimeingia ghalani na kuchunguza. Ajabu tupu! Katika kila ubavu kuna mfereji mdogo, na ndani ya mfereji nyuzi tatu zinakwenda pamoja. Mbili za damu. Ya tatu nyeupe, nyembamba, ndiyo mshipa wa fahamu. Nimeigusa kwa ncha ya penseli. Karibu nilie kwa furaha.

Lakini iko kwenye ukingo wa juu wa ubavu! Si wa chini. Na mbavu ni kumi na tatu. Nimehesabu mara tatu. Nyama haitekenyeki, kwa hiyo hesabu ni ya hakika.

Daftari linasema kumi na mbili, tena chini. Nimekaa juu ya gogo nikifikiri sana. Kisha nikaelewa. Adamu! Alitolewa ubavu mmoja akaumbiwa mke. Basi wanaume wana kumi na mbili, na sisi wanawake ambao hatukutolewa kitu tuna kumi na tatu. Mbuzi wetu alikuwa jike. Inakubaliana kabisa! Sista alitufundisha habari za wanaume tu, kwa sababu vitabu huandikwa na wanaume. Kuhusu mshipa, Sista ni mtu mzima na miwani yake ina ufa.

Nimekata maneno ya daftarini na kusahihisha kwa wino. Ruth atajibu kumi na mbili kama kasuku. Maskini Ruth.

Jumatatu, 9 Agosti

Mambo mabaya. Mama mdogo, mkewe Filemon, amepita shuleni akielekea mjini kuuza ndizi. Ameniambia jana mgao wa Babu Eliona haukuonekana. Walipekua jiko zima. Babu alisimama, akachukua fimbo yake, akaondoka bila kula wala kuaga, na ubatizo ukawa kama msiba. Sasa wanasema ni Mama. Wanasema ameuficha na kuwapelekea ndugu zake. Jumapili atasimama mbele ya ukoo ajieleze. Mama mdogo amesema tangu jana Mama hajatia kitu mdomoni.

 Nilitaka kukiri.  Lakini nikisema leo, kesho nitarudishwa nyumbani, na Daktari anakuja Alhamisi.

Nimeamua kuurudisha kwa siri. Nimekimbia ghalani.

Boriti tupu! Kamba tu inaning'inia.

Nilikuwa bado nimeinua uso juu nilipomsikia Ruth mlangoni akiuliza natafuta nini. Nimesema kuni. Ameuliza tangu lini kuni zinaota darini. Anajua! Ameuchukua yeye!

Jumanne, 10 Agosti

Babu Eliona amekuja shuleni. Mwenyewe! Kwa miguu, na fimbo, blanketi begani. Nilimwona kwa dirisha la darasa akitokea ukunguni na kalamu ikanianguka. Alimwambia Sista kwamba anataka kuzungumza na mjukuu wake Margareta, aliyeshika beseni, maana huenda aliona jambo. Sista amesema mgeni hahojiani na mtu kabla ya kula. Akamkalisha kwenye meza yake, mbele yetu sote.

Sirili, mpishi wetu, akaleta bakuli la kwanza. Ndizi na nyama. Ndizi na mbavu!

Nilizitambua kabla hajaziweka mezani. Sista ameuliza nyama imetoka wapi siku ya Jumanne, maana shuleni nyama ni ya Jumapili tu. Sirili amejibu kwa fahari kwamba aliikuta ghalani ikikauka kwa moshi, na kwa kuwa haikuwa na mwenyewe, akajua ni mfadhili asiyetaka kutajwa.

Babu alichukua mfupa. Akaugeuza. Akaunusa. Akautazama tena, halafu akanitazama mimi, juu ya vichwa vya wasichana wote. Sikupumua. Misuli yote iliyo katikati ya mbavu ilikataa kazi. Kisha akasema polepole kwamba mbuzi huyu anamjua, amelishwa maganda ya ndizi za Filemon. Akala. Akamaliza bakuli lote.

Akaniita nje. Nikasema shikamoo Babu. Akasema marahaba, na kwamba katika umri wake wote hajapata kupanda mlima akifuata ubavu wake mwenyewe. Nikamweleza yote, Daktari, kifua, nyuzi tatu.  Mwisho akasema atapitia kwa Mama kumwambia mgao umemfikia, tena umepikwa. Na kwamba kila Jumamosi hadi Krismasi nitalikatia majani lile dume lake la ng'ombe analolinenepesha.

Mama ameokoka. Babu ameshiba. Ukitazama vizuri, mpango umefaulu.

Na si Ruth aliyeuchukua. Lakini angeweza.

Alhamisi, 12 Agosti

Daktari ni mrefu na hana haraka. Alimkalisha Sirili kwenye kiti bila shati, akampa kila mmoja wetu chaki. Akasema mgonjwa huyu ana maji kifuani. Sindano itapita katikati ya mbavu mbili. Onyesheni mshipa wa fahamu uko wapi, ili tusiuchome.

Ruth alichora mstari chini kabisa ya ubavu. Nilimwonea huruma. Mimi nikachora juu, mstari ulionyooka kabisa. Nikaeleza kwamba sindano ipite salama chini ya ubavu. Daktari ameuliza kama nina hakika. Nimesema nimeuona kwa macho yangu.

Akaniuliza mbavu ni jozi ngapi. Nikajibu inategemea. Sirili ana kumi na mbili, sisi kumi na tatu.

 Sista alifunga macho. Daktari akaniuliza, kwa upole, kama mtu niliyemchunguza alikuwa na pembe.

Nililazimika kusema yote, hata mringaringa. Alivua miwani akafuta machozi. Akasema kwamba mbuzi akitundikwa kwa miguu, chini yake huwa juu. Akasema mbavu kumi na tatu ni za mbuzi, jike na dume, na kwamba mbuzi yule angenisifu sana kwa kumjua vizuri. Lakini kama sindano ingefuata maneno yangu, Sirili angeruka mpaka kileleni mwa mlima. Sirili akavaa shati lake upesi.

Nafasi amepewa Ruth.

Ijumaa, 13 Agosti

Nililia mpaka Sista akaniita. Amesema Daktari ameuliza jina langu kamili. Amesema Daktari hajapata kuona msichana aliyetafuta mshipa wa fahamu kwa penseli. Januari atarudi, atakuwa na nafasi moja zaidi, na anataka anikute nimejiandaa. Somo: moyo, na vyumba vyake vinne.

Januari! Bado kuna Januari!

Jioni Ruth akaja kitandani kwangu. Akavua ufunguo shingoni, akauweka mkononi mwangu. Amesema yeye sasa hauhitaji, picha ina moyo mzima umechorwa kwa rangi, niutazame kila siku nikitaka. Macho yake pia yalikuwa mekundu.

Nimemrudishia. Kwa adabu. Picha ni ya karatasi, na sitaki kushinda kwa msaada wa mtu.

Tena sina haja. Krismasi Babu Eliona anachinja dume lake, na mimi ndiye ninayelikatia majani. Nitakuwepo. Kosa langu lilikuwa kuchagua mbuzi, mnyama mdogo, kila kitu chake kimebanana. Moyo wa ng'ombe ni mkubwa, vyumba vitaonekana wazi.

Sijui kwetu moyo wa dume ni mgao wa nani. Nitauliza nikishauazima.