Kijana Pekee wa Zahanati Kiganjani

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kwa barua na kwa mbiu ya mgambo kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kijana wa Igombelo atakayeugua kiholela. Kila ugonjwa sharti upite kwanza kwenye programu ya simu iitwayo Zahanati Kiganjani. Bwana Wenceslaus, Mratibu wa Kata wa Kujitunza Kidijitali, alilisoma tangazo hilo mwenyewe, maana alikuwa na sauti nzuri na alilijua hilo.

"Babu zetu walipita hapa hapa na mizigo kichwani mpaka pwani," alisema. "Kijana wa leo atabeba zahanati nzima mkononi, na wala shingo haitamuuma!"

Makofi yakapigwa. Wenceslaus alijisikia vizuri sana. Kitengo cha Kujitunza Kidijitali cha mjini kilikuwa kimemwahidi kwamba kata ikifikisha matibabu mia tatu kabla ya uzinduzi wa Ijumaa, atapandishwa kuwa Mratibu wa Wilaya. Muuguzi Levina, mwenye chumba cha vijana pale zahanati, angehamishiwa Tura akahesabu vyandarua. Mashine imeshika kazi, binadamu wa nini tena?

Palikuwa na kikwazo kidogo cha kiufundi: vijana wa Igombelo hawakuwa na simu za kisasa. Walikuwa na vitochi, vya kupiga na kupokea tu. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Wenceslaus hakusomea uongozi bure. Alitoa simu yake mwenyewe, akaweka meza mbele ya mlango wa Levina, akaagiza foleni. Karani wake, Marko, aliuliza na kubofya, vijana wakajibu. Ili kulinda faragha, mwongozo ulielekeza kwamba anayejitunza aipe foleni mgongo.

"Unasumbuliwa na nini?" Marko aliuliza kwa sauti ya mnadani.

"Nawashwa," kijana mmoja alinong'ona.

"Wapi?"

Foleni nzima ikanyamaza ili isikie vizuri.

Simu ilifikiri, kisha ikamshauri anywe maji ya kutosha. Ilimshauri hivyo karibu kila mtu. Kwamba kisima cha kijiji kilikuwa kimekauka tangu Agosti halikuwa suala la kidijitali, ni la idara nyingine.

Siku ya tatu akafika Eustadia, binti wa miaka kumi na minane, macho yamemvimba.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Karibu ujitunze," Wenceslaus alimjibu mwenyewe.

"Namtaka dada Levina."

"Levina ni mfumo wa zamani. Sema hapa."

"Nikuambie wewe? Si ndiwe mwenyekiti wetu wa jumuiya? Kila Jumamosi uko kwetu unasali na baba!"

"Huniambii mimi. Unaiambia simu."

"Simu yako!"

Foleni ikaangua kicheko. Eustadia akaondoka mbio, upindo wa kanga mdomoni. Binti wa watu alikuwa analia kweli, na aliyetakiwa kumsikiliza alikuwa nyuma ya mlango, anafunga virago. Wenceslaus alisikitika pia, kwa namna yake, maana takwimu moja ilikuwa inapotea.

"Andika amekosa hedhi," alimwambia Marko. "Wasichana hulilia nini kingine?"

Marko akabofya.

Ijumaa, Mkurugenzi wa Kitengo, Bi Apolinaria, alifika kutoka mjini na magari matatu. Ripoti ikamulikwa kwenye ukuta mweupe wa zahanati, kijiji kizima kikitazama. Matibabu: 312. Watumiaji: 1.

Bi Apolinaria akavaa miwani. "Huyu mmoja ni nani?"

Marko, ambaye hakuwahi kufundishwa kudanganya mbele ya wageni, akasoma: "Kijana huyu ana umri wa miaka kumi na tano mpaka ishirini na nne. Anawashwa. Ana chunusi. Ndevu zimegoma kuota. Ana kikohozi tangu Krismasi. Ameachwa na wapenzi tisa. Ni mjamzito."

Hapo simu ya Wenceslaus, iliyokuwa imeunganishwa na kipaza sauti ili kunogesha sherehe, ikaita na kujipokea. "Mpendwa kijana," ilisema kwa upole, "usiogope. Hali yako imeuzidi uwezo wangu. Muone muuguzi leo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Ni hitilafu, mheshimiwa," alisema Wenceslaus, jasho likimtoka.

"Hitilafu? Barua yako ya Jumanne inasema mfumo haukosei. Nimeisaini na nimeipeleka juu."

Bi Apolinaria alitafakari. Kukana mtumiaji mmoja kulikuwa ni kukana matibabu yote mia tatu na kumi na mawili, pamoja na saini yake. Kati ya kukiri kosa na Wenceslaus kuwa mjamzito, alichagua lililo jepesi.

"Mjamzito haachwi bila muuguzi," alitamka. "Uhamisho wa Levina umesitishwa mpaka mtumiaji ajifungue. Na huyu apumzishwe uratibu. Kazi nzito itamdhuru."

Meza ikaondolewa mlangoni. Levina alitoka, akapitisha macho kwenye umati, akamwita Eustadia kwanza. Mlango ukafungwa, na nje hakuna aliyesikia hata neno. Wenceslaus aliketi kwenye benchi, katikati ya vijana, akisubiri zamu yake.

Baada ya nusu saa Levina alimtokea na kadi mpya ya kliniki ya wajawazito mkononi.

"Mratibu, hudhurio la kwanza mtu anakuja na mwenza wake."

"Levina, nakuomba..."

"Ndiyo utaratibu, baba. Kama amekukimbia, leta barua ya mtendaji wa kijiji."