Upepo Ulimkamata Mwandishi

“MZEE AVURUGA ONYESHO LA BALE!” Redio alisoma kwa sauti ya mtu anayenadi ng’ombe. “Haya, sikilizeni wenyewe. ‘Hafla ya kumuenzi marehemu mwandishi wetu mashuhuri wa tamthilia iliingia doa jana mchana baada ya mzee mmoja asiyefahamika kupayuka maneno yasiyoeleweka katikati ya ukimya.’ Asiyefahamika! Mtaa huu nani hafahamiki?”

Redio alikuwa kinyozi wa ng’ambo ya barabara. Aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Muda huo mteja wake alikuwa amekaa kule kibandani, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akisubiri habari iishe.

Benchi la kijiwe liliegemezwa kwenye mlango wa chuma wa nyuma wa ukumbi wa maonyesho, ule waliokuwa wakipitia wasanii. Katikati alikaa Wakili, ambaye hakuwahi kuwa wakili hata nusu saa. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, akaandika hukumu nyingi mpaka naye akawa anaongea kama hukumu. Dada Birika, muuza kahawa, alikuwa amesimama na vikombe vyake. Na kule mwisho wa benchi, buti la mtu gotini, misumari midogo midogo midomoni, aliinama fundi viatu waliyemwita Pumzi Tatu.

Puu! Puu! Mlango ukatikisika migongoni mwao.

“Wameanza mazoezi,” Redio alisema. “Wanaruka hao.”

“Hebu kwanza,” Wakili akainua kidole. “Bale, kisheria, ni kitu gani?”

“Ni ngoma ya watu wasiotaka kukanyaga sakafu,” Dada Birika alijibu. “Jana nilipenya na birika langu, nikasimama nyuma kabisa. Wanatembea kwa ncha za vidole kama wanapita karibu na mtoto aliyelala. Na suruali! Imembana kijana wa watu mpaka ukimtazama unajua alikunywa chai na nini.”

“Na wanasema nini?”

“Hawasemi.”

“Hata salamu?”

“Hata salamu, Wakili. Saa mbili nzima.”

Redio alilipiga gazeti kofi. “Mtu ameandika tamthilia kumi na moja. Maneno matupu! Leo mnamuenzi kwa onyesho lisilo na neno? Si sawasawa na kumuenzi kinyozi kwa kufuga nywele?”

“Lakini vijana wanajua kazi, tusiwaonee,” Dada Birika alisema. “Walianza na maisha yake. Ametoka ndani ya karatasi kubwa, amekunjwakunjwa, hajui kusimama. Halafu wakaanza kumjia wale watu aliowatunga. Jaji kipofu. Mama wa kapu lisilojaa. Mwenye nyumba wa funguo mia. Wanamvuta shati, wanamzunguka, kila mmoja anataka azaliwe yeye kwanza. Hapo nilisahau kama nina kahawa mkononi. Nikamwagia mtu.”

“Nani?”

“Mke wa Mkurugenzi wa ukumbi.”

“Mungu akulipe.”

Pumzi Tatu aligonga msumari wake, akachukua mwingine mdomoni. Hakucheka. Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na bahasha iliyoletwa tangu saa moja asubuhi, na kila alipoinama ilimchoma tumboni.

“Na jela?” Wakili aliuliza. “Maana yule bwana alilala ndani miaka saba. Hiyo wameicheza?”

“Wameicheza. Vijana wanne wamesimama mikono juu, ndio nondo. Akazunguka katikati yao mara saba, akatoka.”

“Kwa kuzunguka tu?”

“Na nondo zilikuwa zinatabasamu.”

“Na waliomkamata je?”

Dada Birika alitua vikombe chini kabisa ili ajibu vizuri. “Upepo.”

“Nini?”

“Upepo ndio uliomkamata. Wameingia mabinti sita wenye vitambaa vya kijivu, wakavuma, wakambeba. Imeandikwa kwenye kijitabu cha mlangoni: ‘Upepo wa zama unamchukua.’”

Wakili alivua miwani. “Upepo huo ulikuwa na hati ya kukamata?”

“Ulikuwa na kitambaa.”

“Na nani aliutuma?”

“Upepo hautumwi, unavuma tu.”

“Dada, mimi siku ile nilikuwa mahakamani, kalamu mkononi. Upepo ule ulikuwa na kitambi na saa ya dhahabu, na katikati ya ushahidi uliomba maji ya kunywa mara mbili. Nimeuandika kwa mkono wangu huu!”

“Gazeti linasema waziri alilia,” Redio alichungulia ukurasa. “Alilia sehemu gani?”

“Sehemu ya upepo.”

“Ah, lazima alie. Si baba mkwe wake ndiye aliyevuma?”

Wakacheka mpaka benchi likagonga mlango, na mlango nao ukagonga benchi. Puu! Kule ng’ambo mteja akaita, “Redio! Nusu ya kichwa hii!” Redio akampungia mkono kama mtu anayeaga meli.

“Turudi kwa mshtakiwa,” Wakili alisema. “Huyo mzee alipayuka nini hasa? ‘Maneno yasiyoeleweka’ si ushahidi.”

“Yalieleweka,” Dada Birika alisema taratibu. “Ilikuwa karibu na mwisho. Yule Askari wa Pili, wa tamthilia ya mwisho, ile iliyopigwa marufuku, anakuja mbele peke yake. Muziki unakatika. Anafungua mdomo. Amefungua tu, hasemi. Kumbe ndiyo bale yenyewe, mdomo ubaki wazi watu wapige makofi. Mara nikasikia sauti kutoka mstari wa nne...”

Akanyamaza. Pumzi ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu.

Hakuna aliyemmalizia.

Hapo ndipo Redio na Wakili walipogeuka pamoja. Maana kijiwe kizima kilijua tabia ya fundi yule. Kabla ya viatu alikuwa mnong’onezi wa ukumbi huu huu, miaka kumi na tisa ndani ya kijishimo mbele ya jukwaa, muswada magotini, akimrushia mwigizaji neno lililompotea. Sheria yake ilikuwa moja: mwigizaji akinyamaza, hesabu pumzi tatu. Ya kwanza ni ya mchezo, ya pili ni ya woga, ya tatu ni kazi yako. Tangu hapo mtu akisita hata kuagiza kahawa alimaliziwa. Mjane mmoja alikuja kushonesha kiatu, akasita kusema shida yake, akamaliziwa mpaka akaondoka analia. Leo, tangu asubuhi, hakuwa amemmalizia mtu hata neno moja.

“Mzee,” Redio alisema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo. “Ni wewe?”

Pumzi Tatu alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

“Sikukusudia,” alisema. “Nilipewa kadi ya mwaliko, nikavaa koti, nikakaa kimya kama maiti. Upepo nimeuvumilia. Nondo nimezivumilia. Lakini mtu amesimama mbele ya jukwaa, mdomo wazi, amekwama! Nikahesabu. Ya kwanza. Ya pili. Huku ndani najiambia, wewe mzee, hiyo ni bale, hajasahau, kalipwa asiseme. Ya tatu ikafika. Mdomo haukuniuliza.”

“Ukasema nini?”

“Mstari wake. ‘Mlango huu hauna komeo. Umefungwa na sisi tulioegemea.’”

Wakili akarudia kimyakimya. Dada Birika akatikisa kichwa. “Na walinzi wawili waliokuwa wameegemea mlango wa ukumbi waliruka kando kama wamekalia moto. Mimi nilikuwa hapo. Kina mama wa nyuma wakasimama wote. Gazeti halikuliona hilo.”

Pumzi Tatu akatoa bahasha iliyotoka kwa Mkurugenzi, akampa Wakili, maana ilikuwa na lugha ya Wakili.

“Unatakiwa kuomba radhi,” Wakili alisoma, akipunguza mwendo kadiri alivyoshuka. “Ukiri kuwa akili yako ina hitilafu ya uzee. Ukiri kuwa maneno uliyotamka uliyabuni mwenyewe na... na hayamo katika tamthilia yoyote ya marehemu. La sivyo, ruhusa ya kushona viatu ukutani hapa itakwisha leo saa sita.”

“Ukuta wenyewe unamhusu nini!” Redio alifoka.

“Ukuta si kitu,” Pumzi Tatu alisema. “Nakala za mchezo ule zilikuwa arobaini, walizichukua zote, na ya kwangu magotini. Marehemu mwenyewe jela ilimharibu, hakuweza kuurudia. Umebaki humu.” Akajigonga utosini kwa nyundo ya viatu, polepole. “Mimi nikisema haukuwepo, basi haukuwepo.”

“Kwa nini hukuwahi kutufundisha?” Dada Birika aliuliza.

“Waliokariri kwangu mara ya mwisho walibebwa na upepo.”

Kutoka kona ya ukumbi alitokea Mkurugenzi, suti imenyooka, viatu vinang’aa (soli ya kushoto aliitia Pumzi Tatu mwenyewe mwezi jana). Alisalimia kwa kichwa, akatoa karatasi ya pili yenye muhuri, akaegemea mlango wa chuma kama mtu aliye kwake.

“Mzee wangu,” alisema, “tusifike mbali. Ni sahihi tu. Sisi sote ni familia moja ya sanaa.”

“Kweli kabisa,” Pumzi Tatu alisema. “Wewe ndiye uliyekuwa Askari wa Pili.”

Redio aliangusha gazeti.

“Hayo ya zamani, mzee.”

“Miaka thelathini na moja. Ulikuwa na mstari mmoja tu mchezo mzima. Ulikuja mbele, ukafungua mdomo, ukanyamaza. Nikakupa. Ukanyamaza. Nikakupa tena, kwa nguvu, mpaka mstari wa mbele wakasikia. Ulikuwa unatazama mlango wa ukumbi, unajua nani anaingia na anaingia lini. Wakaingia polisi, wakambeba marehemu. Mwaka uliofuata ukapewa ofisi.”

Mkurugenzi alikunjua karatasi. “Nakusomea, wewe useme ndiyo, mashahidi wapo. ‘Mimi niliyeweka sahihi hapa chini nakiri kwamba mstari huo haukuwahi kuandikwa, haukuwahi kutamkwa, na kwamba askari yule katika tamthilia halisi alisema...’” Akasita. Aliyeandika karatasi ile hakuweka kitu hapo. Alisahau kwamba angehitaji kubuni.

Pumzi ya kwanza.

Dada Birika alishika kifuniko cha birika kisilie.

Ya pili. Mkurugenzi alimtazama fundi kando, kama waigizaji walivyozoea kutazama kijishimo.

Ya tatu. Pumzi Tatu akainama kidogo, kiganja pembeni mwa mdomo, akanong’ona kama alivyonong’ona siku ile, wala si kwa chuki. Ilikuwa ni kazi.

“‘Mlango huu hauna komeo...’”

Na mdomo wa Mkurugenzi, uliosubiri miaka thelathini na moja, ukaupokea. “‘Mlango huu hauna komeo!’” Sauti ilitoka kifuani, sauti ya jukwaani, kubwa, nzuri, hata yule mteja wa ng’ambo akasimama na shuka lake. “‘Umefungwa na sisi tulioegemea!’”

Aliisikia sauti yake mwenyewe. Akaufumba mdomo kwa kiganja, akauacha mlango, akaondoka nusu anatembea nusu anakimbia, karatasi ikabaki kwenye benchi.

“Alikuwa mzuri,” Pumzi Tatu alisema. “Nilisema siku zote.”

“Mashahidi watatu,” Wakili alitamka, “na nusu kichwa.”

Puu! Puu! Puu! Mlango ukasukuma benchi kwa nguvu mpaka Redio akanyanyuka. Wakanyanyuka wote. Benchi likateleza, mlango ukafunguka, wakatoka vijana kumi na kitu, majasho yanawatiririka, suruali zao zilezile.

“Shikamooni,” alisema aliyetangulia, kijana mrefu aliyecheza Askari wa Pili. “Tumegonga tangu saa mbili! Mbele Mkurugenzi katufungia tusiongee na watu, nyuma mmetukalia ninyi.”

“Sisi tulidhani mnaruka!” Redio alisema.

Kijana hakumsikia. Alikwisha mwona fundi. “Mzee, jana baada ya ule mstari wako nilitakiwa nianguke, nife. Mguu ulikataa. Nilibaki nimesimama kama mjinga. Leo saa tisa tunarudia, na safari hii tumekubaliana hatufumbi mdomo. Tamthilia inasema nini baada ya hapo?”

Pumzi Tatu aliokota karatasi ya muhuri, akaigeuza upande mweupe, akampa Wakili. Yule karani akatoa kalamu, akaandika tarehe, akaipigia mstari kwa mazoea. Vijana wakakaa barabarani. Mteja akavuka na shuka lake. Redio akajizima.

Fundi alifumba macho. Pumzi ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu hakuingoja, akaanza kusema.